Mwezi ni Mmoja, Saa ni Mbalimbali
Mashauri kwa familia zinazokusudia kwenda kuvua pwani wakati wa likizo



Kila zinapokaribia likizo za skuli, swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: tuwapeleke wapi watoto, mahali pasipotaka fedha nyingi wala pasipo na mambo ya kutuaibisha? Wengi wetu tulizaliwa tukisikia mawimbi, na watoto wetu wamezaliwa ndani ya magorofa. Samaki wanamjua kwa vipande vilivyogandishwa, na mshipi wanausikia katika hadithi za babu zao. Kwa hiyo safari ya kwenda kuvua pwani ni jambo jema. Ni tafrija ya halali, gharama yake ni ndogo, na huwakutanisha wazee na wajukuu katika kazi moja.

Hata hivyo, safari hiyo yataka matayarisho, na mgeni wa pwani fulani hana budi kujitayarisha zaidi ya mwenyeji. Tunaandika haya kwa sababu sisi wenyewe tulikwenda bila ya kujitayarisha, na nusura turudi na msiba.

KOSA LETU

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Agosti, familia sita kati yetu zilifunga safari kutoka London hadi Southend, mji ulioko penye mlango wa mto Thames. Siku ya safari tuliichagua kwa kutazama nani ana mapumziko kazini, na basi dogo la kukodi litapatikana lini. Habari za maji hakuna aliyeziuliza. Tulijiona tuna mtaalamu, kwani tulifuatana na mzee wetu mmoja aliyevua Kizimkazi, kusini ya Unguja, tangu utotoni mwake hadi alipokuwa baba wa watoto.

Tulifika saa tano ya asubuhi tukaikuta bahari inatukimbia. Pale palipotarajiwa mawimbi palikuwa na tope linalong'aa, na maji yalionekana mbali kama utepe. Mzee akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Akajibiwa kuwa ni mwezi nane. Akasema, "Basi haya ni maji mafu. Yatakupwa mpaka baada ya alasiri, wala hayatarudi kwa kishindo. Waacheni watoto watembee."

Kwa hesabu ya Kizimkazi, mzee alisema kweli. Lakini pale hatukuwa Kizimkazi. Vijana watano, mkubwa wao akiwa na umri wa miaka 14, wakachukua ndoo wakaenda kutafuta kaa na chambo. Maji yalimaliza kupwa kiasi cha saa nane mchana, nasi hatukujua. Haijatimia saa kumi, binti mmoja aliyekuwa amekaa na mzee juu ya ukuta akasema, "Babu, mbona maji yako nyuma yao?"

Ndivyo yalivyokuwa. Maji yalikuwa hayajawafikia vijana kwa mbele. Yalikuwa yameingia kwa mifereji iliyo kati yao na ufuo, kimya kimya, huku wao wakiwa wameinama juu ya ndoo. Mzee alivua viatu bila ya kusema neno, na baba wawili wakamfuata. Tope liliwashika miguu, na maji ya mfereji yaliyowafika wakubwa magotini yaliwafika wadogo kiunoni. Alhamdulillah, wote walitoka, ila viatu na ndoo vilibaki. Lau tungalichelewa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Siku ile mzee hakula. Tulipokuwa tunarudi alisema maneno ambayo tangu hapo tumeyafanya kuwa kanuni yetu: "Mwezi niliujua. Saa ndiyo sikuijua."

MAJI YA HAPA NA MAJI YA NYUMBANI

Maneno hayo yana elimu ndani yake, nasi tungependa kuyaeleza.

Maji ya bahari huvutwa na mwezi pamoja na jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, vyote viwili huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye ndipo lijapo bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto hupunguzana, yakaja maji mafu. Kwa sababu hiyo, kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani mwa nyumba zetu ni kalenda ya maji vilevile. Kiasi cha tarehe mosi hadi 4, na 15 hadi 18, ni siku za bamvua. Kiasi cha tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 25, ni siku za maji mafu. Haya ni kweli Unguja, ni kweli Muscat, na ni kweli Southend, kwa kuwa mwezi ni mmoja.

Lakini mwezi hauamui peke yake saa ya maji kujaa. Maji husafiri kuzunguka nchi kavu, huingia katika milango ya mito, na hufika kila bandari kwa wakati wake. Siku za bamvua, Unguja maji hujaa kiasi cha saa kumi na kukupwa kiasi cha saa nne. Southend, siku hizo hizo, maji hujaa karibu na saa nane mchana kwa saa ya kiangazi, na kukupwa asubuhi na jioni. Ikiwa ni siku za maji mafu mambo hugeuka: Southend ufuo huwa mtupu katikati ya mchana, wakati ambapo mgeni anafika na watoto wake.

Tena yako mambo mawili yanayomhadaa mgeni. La kwanza ni kimo. Unguja, tofauti baina ya maji kujaa na kukupwa siku za bamvua hukaribia mita 4. Southend hupita mita 5, na katika mlango wa bahari wa Bristol, upande wa magharibi, hupita mita 12, kiasi ambacho ni pwani chache mno duniani zinazokifikia. La pili ni usawa wa ardhi. Penye tope tambarare kama la Southend, maji hurudi nyuma kiasi cha maili nzima, nayo yakianza kuja huja kwa kupitia mifereji kwanza. Mtu anayetazama mbele tu hayaoni.

Tusidhani kwamba hatari hii ni ya kubuni. Usiku wa tarehe 5 Februari, 2004, katika ghuba ya Morecambe, kaskazini magharibi ya Uingereza, wafanyakazi wasiopungua 21 kutoka Uchina walizama walipokuwa wakiokota chaza mchangani. Walikuwa wageni kama sisi. Maji yaliwazunguka gizani, katika bahari wasiyoijua saa zake.

Basi shauri letu la kwanza ni hili. Kabla ya kukodi gari, na kabla ya kuwaahidi watoto, tafuteni jedwali la maji la mahali hasa mnapokwenda. Huuzwa katika maduka ya vifaa vya uvuvi kwa bei ndogo sana, na siku hizi hupatikana pia kwa simu. Lisomeni kwa uangalifu, kwani majedwali mengi huandikwa kwa saa ya Greenwich, nayo majira ya joto hapa huongezwa saa moja. Na katika kuwasomea wazee jedwali hilo, wafasirieni saa kwa Kiswahili, asije mtu akadhani kuwa "mbili" ya Kizungu ni saa mbili ya asubuhi.

MAHALI PA KUVUA

Kwa familia yenye watoto na wazee, mahali pa salama zaidi pa kuanzia ni juu ya gati lenye vizuizi pembeni, ambapo maji hukujia na wewe umesimama.

Southend kwenyewe kuna gati linaloitwa refu kuliko magati yote ya matembezi duniani. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 2, na ndani yake kuna reli ndogo inayowachukua watu hadi mwisho. Msomaji atafahamu sasa kwa nini lilijengwa refu hivyo: ni kwa sababu ya tope lile lile lililotaka kutunyang'anya vijana wetu. Gati la kwanza, la mbao, lilianzishwa mwaka 1830, na la chuma likafunguliwa mwaka 1889.

Kwa wanaoweza kwenda mbali kidogo, upo mji wa Deal katika mkoa wa Kent. Gati lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1957, lina urefu wa zaidi ya mita 300, na linajulikana sana na wavuvi wa mshipi. Ufuo wake ni wa changarawe inayoteremka ghafla, hivyo maji hayakimbii mbali kama Southend. Treni kutoka London huchukua kiasi cha saa moja na nusu.

Magati mengi yana kiingilio au ada ya kuvua, sehemu maalumu za wavuvi, na idadi ya fimbo ambazo mtu mmoja anaruhusiwa. Aghalabu hukatazwa kurusha mshipi kwa kuuzungusha juu ya kichwa, kwa sababu watu wanapita nyuma. Yako magati ambayo uvuvi umekatazwa kabisa, na mengine hufungwa siku za upepo mkali. Pigeni simu siku moja kabla. Mtu mmoja kuuliza ni bora kuliko watu ishirini kurudishwa mlangoni.

SHERIA

Watu wengi katika jumuiya yetu huogopa kuvua kwa kudhani kwamba watakamatwa. Ukweli ni kwamba katika bahari ya Uingereza, anayevua kwa fimbo au mshipi kwa ajili ya kitoweo chake hahitaji leseni. Leseni ya fimbo huhitajika kwa kila aliyetimiza miaka 13 anapovua katika mito na maziwa, na pia kwa samaki kama salmoni na mkunga wa mtoni. Basi msichanganye mambo mawili hayo.

Hata hivyo, kutohitaji leseni si kutokuwa na sheria. Samaki aitwaye besi, ambaye ni mtamu na hutamaniwa na kila mtu, hairuhusiwi kumchukua akiwa chini ya sentimita 42, yuko miezi ambayo ni marufuku kumchukua, na idadi yake kwa siku ina mpaka. Sheria hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo muulizeni muuza chambo au someni kibao kilichoko gatini. Chukueni utepe wa kupimia. Aliye mdogo arudishwe majini upesi, kwa mikono iliyolowa, ili apate kuishi. Na aliye halali kuchukuliwa achukuliwe kadiri ya chungu. Kujaza ndoo kisha kutupa ni israfu.

SAMAKI, CHAMBO NA VYOMBO

Tangu kiasi cha mwezi wa Mei hadi Septemba, makareli huipitia pwani ya Kent kwa makundi. Umbo lake litawakumbusha vibua. Huliwa na watu wote na huvuliwa kwa urahisi, kwa ndoana zilizofungwa manyoya, hata mtoto humpata. Besi hupatikana tangu masika ya hapa hadi majani yanapopukutika. Katika mlango wa Thames hupatikana pia taa, na samaki bapa wa jamii ya gayogayo. Wakati wa baridi huja waitingi, ambaye nyama yake ni nyeupe na laini.

Chambo ni minyoo ya mchangani, vipande vya makareli, au ngisi. Ngisi wa kugandishwa hupatikana katika maduka yetu ya samaki kwa bei ya chini kuliko ya duka la vifaa vya uvuvi. Kwa vyombo, hapana haja ya kununua vya thamani. Fimbo moja kwa watu wawili, mshipi wa akiba, ndoana, chubwi nzito za kushindana na mkondo, kisu, kitambaa, ndoo yenye mfuniko na barafu: hivyo vinatosha. Wakati mzuri wa kuvua ni kiasi cha saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja au mbili baada yake. Hapo tena jedwali ndilo litakalowaambia mfike lini.

Watoto wakicheza katika maji madogo ya mchangani wavae viatu. Yuko samaki mdogo aitwaye wiva, hujifukia mchangani, na miiba ya mgongoni mwake ina sumu. Aliyechomwa atiwe mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuyastahimili bila ya kuungua, kwa muda wa nusu saa au zaidi. Ikiwa maumivu hayapungui, au akipata tabu ya kupumua, apelekwe kwa daktari.

BARIDI

Sisi tuliojifunza kuogelea katika bahari ya joto tuna kiburi kimoja: twadhani kwamba anayejua kuogelea hazami. Maji ya Unguja huwa baina ya nyuzi 25 na 30. Maji ya hapa, hata mwezi wa Agosti, ni machache yanayopita nyuzi 18, na wakati wa baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu anapotumbukia katika maji ya namna hiyo, pumzi humtoka bila ya kupenda, huvuta maji badala ya hewa, na waogeleaji hodari wamekufa kwa sababu hiyo. Jumuiya ya mashua za uokozi ya nchi hii, RNLI, ambayo ilianzishwa mwaka 1824, huwafundisha watu jambo moja jepesi: ukitumbukia, usishindane na maji. Lala chali, masikio yawe majini, tandaza mikono, elea mpaka pumzi irejee, kisha ndipo uite msaada au uogelee. Wafundisheni watoto wenu maneno haya kabla ya kuwafundisha kufunga ndoana.

Mwenye kumwona mtu taabani asijitupe majini. Apige simu namba 999 na aseme "Coastguard". Msaada huo haulipiwi. Sisi siku ile tulifanya kosa la pili ambalo hatukulitambua mpaka baadaye: tulikuwa watu wazima kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Tuliona haya kuwasumbua watu. Huko Southend kituo cha uokozi kina chombo kinachokwenda juu ya tope, kilichowekwa kwa ajili ya watu waliokwama kama vijana wetu.

Mavazi yawe ya tabaka tabaka, na la juu lisilopitisha maji wala upepo. Kanzu na mabuibui marefu hunasa katika ndoana na kuteleza penye ngazi zenye mwani. Kina mama waliofuatana nasi mara ya pili walivaa suruali pana na makoti marefu ya mvua, wakawa wamesitirika na wamesalimika.

SALA NA CHAKULA

Siku za Disemba, hapa London jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mchana mzima ni kama kipande. Siku za Juni Magharibi hupita saa tatu usiku. Pangeni sala pamoja na maji: tazameni jedwali la msikiti na jedwali la bahari kwa pamoja, ili mshipi usije ukawashughulisha Alasiri ikapita. Kuhusu kufupisha sala, muulizeni shehe wa msikiti wenu, kwa kuwa umbali wa miji hii hutofautiana. Chukueni miswala ya plastiki, dira, na maji ya kunywa. Chakula kipikwe nyumbani. Kahawa iwe nyingi.

SAFARI YA PILI

Mwaka uliofuata tulikwenda Deal. Mara hii aliyechagua siku alikuwa mzee yule yule. Alikuja nyumbani kwa mhariri na jedwali la maji lililokunjwa mfukoni, na pembeni ya kila tarehe ya Kizungu alikuwa ameandika tarehe ya Kiislamu kwa penseli. Hakuacha elimu ya Kizimkazi, wala hakuitegemea peke yake. Alisema, "Bamvua nalijua mwenyewe. Saa nimemwuliza mwenyeji."

Tulifika saa mbili kabla ya maji kujaa. Binti yule aliyeyaona maji nyuma ya kaka zake ndiye aliyevuta makareli wa kwanza, na kelele alizopiga zilimfanya mvuvi mmoja wa Kiingereza, mzee kama babu yake, aje kumfundisha namna ya kumtoa ndoana bila ya kumwumiza. Wazee wawili hao hawakuwa na lugha moja ya kutosha, ila walikaa benchi moja mpaka maji yalipogeuka. Jioni tulirudi na makareli kumi na tisa kwa familia sita. Walichomwa, wakapakwa tui, na kila mtu akapata.

Kwa hiyo ndugu zetu, mkikusudia safari kama hii, na muifanye kwa utaratibu huu: kwanza jedwali la maji la mahali hapo, pili idhini na masharti ya gati, tatu mavazi na namba 999, na mwisho ndipo fimbo na chambo. Na mkiwa na mzee anayeijua bahari, mchukueni, mumsikilize, kisha mfungulieni jedwali mbele yake. Hatakasirika. Wa kwetu alishukuru.

Tunawatakia likizo njema na salama. Wabillahi tawfiq.